Programu za Simu: Zijaribiwe Kwanza, Ziaminiwe Baadaye



Siku hizi ni vigumu kuhudhuria mkutano wa kikundi bila kuulizwa jambo la simu. Huyu anauliza kama ni kweli kuna programu ya kuweka hesabu za chama. Yule ameambiwa na kijana wake ati simu inaweza kutambua ugonjwa wa mihogo. Mwingine anangoja mkutano uishe, anatuvuta kando, anauliza kwa sauti ya chini juu ya deni alilochukua kwa simu.

Sisi tunaofundisha madarasa ya watu wazima na kutembelea vikundi hapa Matulo, na pia upande wa Kitale na wa Bungoma, tuliona si vizuri kujibu mambo ya kusikia tu. Basi kwa msimu mzima wa mahindi, tangu kupanda hadi kuvuna, tulijaribu programu kadhaa katika kazi yetu ya kufundisha na katika mambo ya kila siku nyumbani. Makala hii inaeleza tuliyoyaona, na vile kikundi chenu kinaweza kufanya majaribio yake chenyewe.

Neno letu kubwa ni hili: programu ya simu ni kama mbegu mpya. Mkulima mwenye busara hapandi shamba lote kwa mbegu ambayo hajaiona ikizaa. Hupanda mistari michache kando, huku akiendelea na ile anayoijua. Msimu ukiisha analinganisha. Mtume Paulo aliwashauri Wathesalonike wapime kila kitu, kisha wabaki na kile kilicho kizuri (1 Wathesalonike 5:21). Shauri hilo linafaa hata kwa simu.

PROGRAMU NI NINI?

Programu ni maagizo yaliyotiwa ndani ya simu ili iweze kufanya kazi fulani. Hata simu ndogo, ile tunaiita kabambe, ina programu zake: kikokotoo cha kufanyia hesabu, kalenda, na saa ya kutuamsha. Simu ya kugusa kioo inaweza kuongezewa nyingine nyingi kutoka kwa mtandao. Zingine ni za bure, zingine ni za kulipia. Na kuna zile huduma za kubonyeza nyota, namba na alama ya #, ambazo hazihitaji bando wala simu kubwa.

Kwa hiyo asiyekuwa na simu kubwa asijione ameachwa nyuma. Mengi ya yale tutakayoeleza yanafanyika kwa kabambe.

HATA M-PESA ILIJARIBIWA

Wengi wetu hatujui kwamba M-PESA ilianzia kwa vikundi kama vyetu. Mwaka 2005, kabla haijatangazwa kwa watu wote, Safaricom iliijaribu na wateja wachache wa shirika la mikopo la Faulu Kenya, mjini Nairobi na Thika. Waliobuni mpango huo walikusudia mwanakikundi alipe mkopo wake kwa simu. Lakini katika majaribio waliona watu wakiitumia kwa jambo lingine: kutumiana pesa wao kwa wao. M-PESA ilipozinduliwa Machi 2007, ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Funzo ni nini? Wenye kuitengeneza hawakujua itafaa kwa kazi gani mpaka walipoiona mikononi mwa watu. Kama wao walihitaji majaribio, sembuse sisi.

Karibu na kwetu pia tuna mfano. Shirika la One Acre Fund lilianza kazi na wakulima wa Bungoma mwaka 2006, likiwakopesha mbegu na mbolea. Zamani mkulima alilipa kwa pesa taslimu, zikipitia mikononi mwa watu kabla ya kufika ofisini. Baadaye malipo ya Kenya yakahamishiwa kwa M-PESA. Hapo mkulima akawa na ujumbe katika simu yake mwenyewe, unaoonyesha siku na kiasi alicholipa. Simu ilifaa kwa sababu ilitatua shida iliyokuwapo tayari.

MASWALI MANNE TULIYOTUMIA

Kila programu tuliipima kwa maswali manne. Yaandikeni kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lenu.

1. Inafanya kazi gani ambayo daftari, redio au kutembeleana hakuwezi kufanya?

2. Gharama yake yote ni nini? Msihesabu bei peke yake. Kuna bando, kuna pesa ya chaji kwa asiye na stima wala sola, na kuna muda wa kujifunza. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa chini kwanza apige hesabu (Luka 14:28).

3. Inataka kujua nini juu yetu? Programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizo katika simu yako, jiulize zinahusu nini kazi yake. Tochi haihitaji kujua namba ya shemeji yako.

4. Simu ikipotea, ikianguka kwa maji, au mwenye programu akifunga kazi, tutabaki na nini?

Hilo la nne ndilo lililoangusha programu nyingi. Namna ya kulijaribu ni rahisi: zimeni simu ya kikundi wiki moja. Kama kazi imesimama kabisa, mjue mmejitegemeza kwenye mti mmoja.

KATIKA KUFUNDISHA NA KATIKA OFISI YA KIKUNDI

Programu zilizotusaidia sana si zile za ajabu. Ni zile zilizokuja na simu.

Kwanza ni kinasa sauti. Tangu kampeni ya kisomo cha ngumbaru ilipoanzishwa nchini mwaka 1979, mwalimu wa watu wazima amepambana na shida ileile: mtu anafundishwa leo, anaenda shambani, wiki ijayo amesahau. Sasa tukimaliza somo tunalirudia kwa ufupi, dakika 3 tu, kwa Kiswahili na kwa Lubukusu, tukilinasa. Wenye simu kubwa hutumiwa, na wasio nayo husikiliza kwa jirani. Mama anayesoma polepole anasikia somo lote akiwa anapepeta maharagwe. Vivyo hivyo katibu anaweza kunasa maazimio ya mkutano baada ya kuyaandika. Lakini msinase mkutano wote wa saa 2. Hakuna atakayeusikiliza, na wengine wataogopa kusema yaliyo moyoni.

Pili ni kamera. Mkutano ukiisha, na mweka hazina akishaandika michango, kila mmoja akiwa amehakikisha jina lake, ukurasa ule wa daftari upigwe picha na watu 2: katibu, na mwanachama mmoja asiye ofisa. Basi. Daftari likiliwa na panya, likinyeshewa, au likipotea katika kuhama, hesabu bado iko. Na kama mtu atabadilisha tarakimu baadaye, picha itasema. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha inalilinda daftari, lakini msiitumie kuwa badala ya daftari.

Tatu ni WhatsApp. Ni nzuri kwa matangazo: mkutano umehamishwa, kuna msiba, daktari wa mifugo anakuja Alhamisi. Ubaya ni kwamba tangazo moja la maana huzikwa chini ya salamu na picha 50. Dawa yake ipo: kiongozi wa kundi anaweza kupanga maofisa pekee ndio waandike, na wengine wasome. Maongezi yawe na kundi lake lingine. Tena, ujumbe ukija na mishale miwili na maneno ya kuonyesha umepelekwa mara nyingi, msiupeleke mbele kabla ya kuuliza umetoka wapi. Na mambo ya pesa yasiamuliwe huko. Wasio na simu kubwa wana kura sawa na wengine.

Nne ni masomo. Taasisi ya mitaala, KICD, imeweka masomo ya shule kwenye mtandao wake uitwao Kenya Education Cloud. Aliye na watoto nyumbani anaweza kuyatafuta. Sisi tuliona ni afadhali kupakua mahali netiweki ina nguvu, kisha kufungulia darasani, kuliko kutegemea netiweki wakati wa somo.

Tusisahau Biblia. Ile programu ya YouVersion, iliyotoka mwaka 2008, ina Biblia za Kiswahili, na unaweza kupakua maandiko ukasoma bila bando. Usiku stima ikipotea inafaa sana. Katika ibada ina shida moja: ujumbe wa mtu huingia katikati ya zaburi. Ifungieni mtandao kwanza.

SHAMBANI

Mbegu. Ukanda wetu unajua uchungu wa mbegu bandia, hata ingawa Kenya Seed imekuwa Kitale tangu 1956. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS. Kwarua kibandiko, uone namba, uitume kwa ujumbe mfupi kwa 1393, ungoje jibu linaloonyesha kama mbegu hiyo ni halali. Kabambe inatosha. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya duka. Ukishafika nyumbani, na risiti imepotea, utamlalamikia nani?

Magonjwa na wadudu. Mnakumbuka mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya magharibi mwa Kenya, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo. Wengi hatukuwajua ni wadudu gani. Kuna programu ya bure iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na shirika la utafiti la IITA na shirika la FAO. Unaelekeza kamera kwa jani, nayo inakuambia kama inaona dalili za viwavijeshi hao katika mahindi, au za batobato na michirizi ya kahawia katika mihogo. Inatumia Kiswahili pia, na ikishapakuliwa inafanya kazi hata pasipo netiweki.

Je, inasema kweli? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliilinganisha na watu kwa magonjwa ya mihogo. Kwa kuangalia jani moja, Nuru ilipata sawa mara 65 kati ya 100. Maofisa wa kilimo walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani 6 ya mmea mmoja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Hapo mnapata mafunzo mawili. Kwanza, msitosheke na jani moja, angalieni 6. Pili, hata hivyo inakosea. Usimwage dawa ya pesa nyingi kwa neno la simu peke yake. Mwonyeshe ofisa wa kilimo ile picha kwanza.

Mifugo. Mwaka 2011 Mkenya Su Kahumbu alianzisha iCow, huduma ya ujumbe mfupi. Mfugaji aliandikisha siku ng'ombe alipopandishwa, akawa anakumbushwa kwa ujumbe lipi la kufanya na lini. Wazo lile unaweza kulitumia leo bila kununua chochote: fungua kalenda ya simu yako, andika siku ya kupandisha, hesabu siku 280 mbele, weka kengele ya kukukumbusha. Weka nyingine miezi miwili kabla ya kuzaa, ya kuacha kukama.

Bei. Hapa tuseme ukweli: hatukuona programu iliyoshinda kumpigia simu mtu unayemwamini sokoni Kitale na mwingine Webuye, ukauliza gunia la kilo 90 linanunuliwa ngapi asubuhi hiyo. Kikundi kikiwa na watu wawili wa kuulizwa kila wiki, na bei ikaandikwa ukutani kwa kinu cha posho, broka hana njia ya kuwadanganya kirahisi.

PESA ZA KIKUNDI

Sasa tufike mahali pagumu. Wanachama wengi wanatuma michango kwa M-PESA, na ni sawa, kwa sababu kila mtu anabaki na ujumbe wake. Lakini angalieni haya.

Msiweke pesa za kikundi katika laini ya mtu binafsi. Hata awe mwaminifu namna gani. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, ambayo inamwezesha mtu kulipa hata salio likiwa pungufu. Deni lile hukatwa lenyewe kutoka kwa pesa inayofuata kuingia katika laini hiyo. Sasa fikirini: mweka hazina amefuliza kidogo hospitalini usiku, asubuhi akina mama 12 wanatuma michango yao. Simu haijui hizo si pesa zake. Inakata. Mweka hazina hajaiba, lakini daftari na simu havilingani, na maneno yanaanza. Na kama Mungu amemwita, pesa hizo zitaonekana ni za marehemu.

Kikundi kilichosajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kinaweza kufungua akaunti yake yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Nendeni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii muulize. Mpaka hapo, pesa taslimu zihesabiwe mbele ya wote, na zikae katika sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, kila ufunguo na mtu wake.

Mambo mengine madogo yanayookoa pesa:

- Ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Likiwa si lake, simamisha hapo hapo.
- Ikishaenda kwa mtu mwingine, peleka ule ujumbe wa M-PESA kwa 456 upesi, uombe irudishwe. Hakuna hakika itarudi kama mwenzako ameshaitoa.
- Safaricom hupigia wateja kutoka 0722 000 000. Mwingine akipiga na kusema ni wa huduma, akataka namba ya siri, kata simu. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa 333, ni bure.
- Kwa *334# unaweza kuomba taarifa ya pesa zilizoingia na kutoka. Kila baada ya miezi mitatu taarifa hiyo isomwe na daftari likiwa wazi kando yake.

Na je, zile programu za hesabu za chama? Ziko, na zinajumlisha vizuri. Ila tuliona ikiwa mtu mmoja tu ndiye anayejua kuifungua, kikundi kimempa mtu huyo ufunguo wa nyumba. Tunashauri hivi: miezi mitatu, programu na daftari viende pamoja. Hesabu zikilingana mara tatu, na watu 3 wamejua kuitumia, endeleeni. Zisipolingana, daftari ndilo la kuaminiwa. Na hata zikilingana, daftari lisitupwe.

PROGRAMU ZA MIKOPO

Hizi hatuwashauri mzijaribu kwa kukopa. Zijaribuni kwa kalamu.

Tuseme programu inakuambia umekubaliwa shilingi 2,000. Inakukata 300 mwanzoni, unapokea 1,700. Baada ya siku 14 unarudisha 2,000. Maana yake umelipa 300 kwa kukaa na 1,700 wiki mbili, karibu shilingi 18 kwa kila 100. Ukirudia hivyo mwaka mzima, mara 26, utakuwa umelipa shilingi 7,800 kwa sababu ya zile 1,700. Hiyo ni pesa ya kununua kondoo. Chama kinachotoza shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi kingekudai 170 kwa mwezi mzima, na faida ingebaki humo humo chamani, ije igawanywe mwisho wa mwaka.

Lakini riba ni nusu tu ya shida. Mwanachama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikopa hivyo wakati wa karo. Alipochelewa, mkopeshaji alianza kupigia watu waliokuwa katika simu yake: kaka yake, mwalimu wa mtoto, mwenyekiti wa kikundi. Kumbe wakati wa kuweka programu ile alikuwa amebonyeza ruhusa ya kusoma majina yote. Aibu ilimfanya aache kuja mikutanoni. Akina mama walimwendea nyumbani mara mbili kabla hajarudi. Kikundi kilikuwa karibu kumpoteza mtu kwa sababu ya shilingi 3,500.

Jueni sheria iko upande wenu. Sheria ya mwaka 2021 na kanuni zake za Machi 2022 ziliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ya Kenya. Wanatakiwa kuwa na leseni. Wamekatazwa kutisha, kutukana, na kuwapigia watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Benki Kuu hutangaza orodha ya walio na leseni, na asiyekuwamo msishughulike naye. Malalamiko juu ya majina na namba kutumiwa vibaya hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2019. Si ofisi ya jina tu: Septemba 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hiyo.

Na aliye na deni tayari asijifiche. Amwambie mtu mmoja anayemwamini katika kikundi. Kikundi nacho kiwe na mfuko mdogo wa dharura, hata wa shilingi 50 kwa kila mmoja kila mkutano. Mtu hukopa usiku kwa simu kwa sababu hana mlango wa kubisha.

PICHA ZA WATU NA ZA WATOTO

Vikundi vinapenda kupiga picha za kazi yao, na wafadhili wanazitaka. Lakini sheria ile ile inahusu picha pia. Septemba hiyo hiyo ya 2023, shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Basi kabla ya kuweka picha ya mtu kwenye mtandao, mwulize. Ya mtoto, mwulize mzazi. Picha ya mgonjwa, ya yatima anayepokea nguo, au ya mzee anayepewa chakula, isiwekwe kabisa. Wangekuwa watu wa nyumba yako ungetaka waonyeshwe hivyo?

SIMU NI YA NANI?

Neno moja tena, kwa wanaume hasa. Katika nyumba nyingi simu ni moja na baba ndiye anayetembea nayo. Tangazo la kikundi cha akina mama linafika Webuye kwa bodaboda, mama mwenyewe yuko shambani. Mwaka 2023 serikali ilipoanza kuwajulisha wakulima walioandikishwa juu ya mbolea ya ruzuku kwa ujumbe wa simu, namba iliyoandikishwa ikawa ni kitu cha maana sana. Kama namba ni ya kijana aliye Nairobi, ujumbe utaenda Nairobi. Kila anayelima awe na laini yake, yenye jina lake mwenyewe, na namba ya siri anayoijua yeye. Na maofisa wa kikundi wasiseme "tulituma kwa WhatsApp" kana kwamba wote wamejua. Kila asiye na simu apewe jirani wa kumpasha habari, na jina la jirani huyo liandikwe.

NAMNA YA KUANZA

1. Chagueni shida moja iliyowasumbua mwaka huu. Shida moja tu.
2. Tafuteni programu inayohusu shida hiyo, mkianza na zile zilizo ndani ya simu tayari.
3. Wateueni watu 3 wa kuijaribu: mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja. Kijana afundishe, asishike simu kwa niaba yao.
4. Wapeni miezi mitatu. Daftari liendelee kama kawaida.
5. Mwisho wa muda huo watoe ripoti kwa yale maswali manne, kisha mkutano uamue kuendelea au kuacha. Kuacha si aibu. Mkulima aliyepanda mistari michache hajapoteza shamba.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kikundi chetu, ni nani asiyepata habari kwa sababu hana simu? Tumempangia nini?
- Mweka hazina wetu akisafiri leo bila kurudi mwezi mzima, hesabu zetu ziko wapi?
- Mwenzetu akihitaji shilingi 2,000 usiku wa leo, ataweza kuja kwetu, au ataenda kwa simu?
- Ni programu gani tumeiweka katika simu zetu bila kusoma inachoomba?

Mkishajadiliana, tuleteeni majibu kupitia kwa katibu wa kanisa lenu. Tungependa kusikia hasa mliyojaribu mkayaacha, na sababu, kwa faida ya vikundi vingine.